Mabua Yasiyoliwa

Siku Kudura Anuari alipoingia kijiji cha Guta kutafuta mabua ya mtama, hakuna aliyeitikia salamu yake. Alishuka kwenye pikapu ya maabara na gunia kwapani, akawaamkia wanawake waliokuwa wamesimama kando ya shamba, nao wakamtazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani aliyezoea kudokoa jikoni. Dereva hakushuka. Alikuwa anajua jambo ambalo Kudura hakuambiwa, akaona heri abaki na usukani wake, injini ikinguruma.

Kudura alikuwa mzaliwa wa Bunda mjini, binti wa Anuari fundi chuma. Alisomea kemia ya mimea, akapata kazi ya mkataba kwenye maabara ndogo huko Butiama, ambako Dokta Felisian aliongoza mradi wa kutengeneza spiriti ya kupikia kutokana na mabaki ya mazao. Kazi ya Kudura ilikuwa kuchunguza kuta za seli. Kila bua limejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kijumba kina ukuta wake. Ukuta huo una sukari nyingi iliyosokotwa kama nyuzi za kamba, ila nyuzi zenyewe zimeshikwa na gundi ngumu iitwayo lignini. Ukiweza kuilegeza gundi, nyuzi zinageuka sukari, sukari inachachuka, unaivukiza, unapata spiriti. Usipoweza, unabaki na takataka kavu mkononi. Kwa hiyo Kudura alitumwa kutafuta ni mmea gani wa Mara wenye ukuta unaofunguka bila taabu.

Mwanamke mmoja mrefu, khanga kaifunga kibwebwe kiunoni, alitoka katikati ya wenzake. Walimpisha bila kuambiwa. Huyo ndiye Boke Nyamhanga, mjane, mwenye shamba lile na zizi lililokuwa nyuma yake.

"Nani kakuruhusu kukanyaga hapa?" aliuliza.

Kudura alijibu kwamba ruhusa imetoka ofisi ya kijiji.

"Ofisi hailimagi mtama," Boke akasema. "Mtama nimelima mimi."

Kudura alijaribu kueleza. Alisema anataka gunia moja tu, tena la kupima, si la kuuza. Kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana, maana maneno laini kama hayo walikwisha kuyasikia. Mwaka uliotangulia alikuja mfanyabiashara wa Musoma aitwaye Clementi, akakaa na viongozi, akaambiwa mabua ni uchafu unaobaki shambani, akaleta malori na kuyazoa yote kwa majaribio ya kiwanda chake. Kisha kiangazi kikagoma kuondoka. Ng'ombe ambao miaka yote huachiwa mashambani baada ya mavuno wakakuta udongo mtupu. Wa kwake Boke walikonda hadi wakashindwa kuinuka wenyewe. Asubuhi yeye na mkwe wake waliwanyanyua kwa kuwashika mkia na pembe, wakasimama wakitetemeka, na jioni wakaanguka tena. Mwishowe ikabaki kazi ya kuchuna ngozi.

Haya Kudura aliyasikia siku ile kwa mara ya kwanza, tena kwa kufokewa. Huko Butiama hakuna aliyemtajia. Angeweza kusema pole. Lakini alikuwa mtu mwenye kiburi chake, jua lilikuwa kali, na mbele ya watu wale alijiona anasimangwa kwa kosa lisilo lake. Akachomoa panga guniani, akainama, akaanza kukata mabua.

Boke hakumzuia. Alingoja gunia lijae, kisha akalinyakua, akaliburuza hadi zizini na kulimwaga mbele ya ng'ombe. Walikuwa wamebaki wachache. Wakasogea wakaanza kutafuna, mabua yakivunjika midomoni mwao, na wanawake wakacheka kicheko kisicho na furaha.

"Twende," Kudura alimwambia dereva, kwa sauti ya kusikika makusudi. "Hawa watu hawajui hata wanachokikataa."

Boke alisikia. Aliokota bonge la udongo, akalirusha, likapasukia kwenye bodi ya pikapu.

"Rudi tena," alisema. "Rudi uone kama hilo gari litaondoka na matairi yake."

Sampuli Kudura alizipata kwa njia nyingine. Shamba la mtama lililokuwa mbali kidogo lilikuwa la mtu asiyekuwepo, akakata haraka haraka kama mwizi. Karibu na barabara ya Bunda alimkuta mzee anang'oa miti ya pamba na kuirundika tayari kwa kuichoma, kama wakulima wa pamba wanavyotakiwa kufanya kila mwaka ili wadudu wasipate pa kujificha. Yule mzee alimwambia achukue hata lori zima, kwa sababu hakuna mnyama anayekula miti ile. Kudura akachukua mzigo mmoja, akautupa nyuma ya gari bila kuutilia maanani.

Huko Butiama alikata vipande vyembamba kuliko karatasi, akavidondoshea dawa inayoigeuza lignini kuwa nyekundu, akaviweka chini ya hadubini. Bua la mtama lilikuwa na wekundu kidogo kwenye ganda, na ndani palikuwa peupe. Mti wa pamba ulikuwa mwekundu kutoka ganda hadi moyoni. Alisaga vyote, akaviloweka kwenye vimeng'enya, vichocheo vinavyokata nyuzi kuwa sukari, vilivyonunuliwa nje, akasubiri, akapima sukari. Mtama wa Guta ulitoa sukari kuliko mmea wowote uliowahi kupita kwenye maabara ile. Pamba haikutoa kitu.

Dokta Felisian alisimama nyuma yake akiangalia matokeo, na kwa mara ya kwanza tangu amwajiri akamsifu. Alikuwa mtu mkavu, aliyehangaikia mradi huo miaka mingi huku wenzake wakimcheka kwamba anapika majani. Alimpigia simu Clementi papo hapo. Clementi alikuja kutoka Musoma, akavuta kiti, akasikiliza, akasema msimu huu hatazoa Guta peke yake, atazoa kata zote za jirani, na kiwanda kitajengwa.

"Na ng'ombe watakula nini?" Kudura aliuliza.

Felisian hakugeuza hata shingo. "Hayo ni ya watu wa mifugo. Sisi ni nishati."

Clementi alitabasamu. Tabasamu lile lilimkera Kudura kuliko bonge la udongo.

Hakumpenda Boke. Kila alipomkumbuka, masikio yalimwaka moto. Lakini alikuwa amewaona ng'ombe wale wakitafuna, na swali moja lilianza kumsumbua, swali la kazi yake hasa. Tumbo la ng'ombe nalo linafungua kuta za seli. Lina vijidudu vyenye vimeng'enya vyao, na linachokosa kukifungua linakitoa kama kilivyoingia. Je, bua linalofunguka vizuri kwenye chupa yake ndilo hilo hilo linalomfaa ng'ombe?

Alikwenda machinjioni asubuhi na chupa ya chai, akaomba maji ya tumbo la ng'ombe aliyechinjwa muda ule ule, akayakimbiza maabara yangali na joto. Akayamimina juu ya sampuli zake zote: mtama wa Guta, mtama wa kwingine, mahindi, mpunga, pamba. Harufu ilijaa chumba kizima. Hezron, fundi wa maabara aliyekuwa akigawana naye meza, alitoka nje akitukana, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Felisian kusema yule dada amegeuza maabara kuwa zizi.

Matokeo yalipotoka, Kudura aliyapanga mezani sambamba na yale ya kwanza. Hayakuwa na tofauti ya maana. Mmea ulioongoza huku uliongoza na huku. Ulioshika mkia huku ulishika mkia na huku. Tumbo na kiwanda vilikuwa vinagombea sahani moja, na hapakuwa na namna ya kusema kinachochukuliwa ni mabaki.

Hapo ndipo alipourudia ule mzigo wa pamba. Kama hakuna mnyama anayeutaka, na kama unachomwa tu kila mwaka, basi shida ni gundi yake. Alinunua magadi sokoni, yale ya kuchemshia maharage, akachemsha vumbi la pamba ndani ya maji ya magadi mpaka yakawa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akamwaga maji, akaosha, akaweka vimeng'enya. Safari hii sukari ilitoka. Haikufika ya mtama. Ila ilitoka, na alipoongeza muda wa kuchemsha ikapanda tena.

Alikuwa anatayarisha awamu ya tatu Felisian alipoingia, Hezron nyuma yake.

"Nani amekutuma kufanya pamba?"

"Hakuna. Nimeona..."

"Unajua inakula maji kiasi gani kuosha hayo magadi? Unajua maji machafu yake utayapeleka wapi? Umepiga hesabu ya kuni za kuchemshia?" Alikuwa anauliza kwa sauti ya chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtama hauhitaji chochote kati ya hivyo. Nimetafuta bua la namna hiyo tangu ukiwa sekondari. Leo nimelipata, wewe unaniletea kuni."

Kudura alisema kwamba bua hilo tayari lina mwenyewe. Alimwonyesha matokeo ya maji ya tumbo. Felisian aliyasoma, na Kudura akaona kwamba ameyaelewa, kwa maana aliyasoma tena tangu mwanzo. Kisha akachukua chupa za pamba, moja baada ya nyingine, akazimimina kwenye sinki. Hezron alifungua bomba.

"Kuanzia leo unaosha vyombo," Felisian alisema. "Mkataba ukiisha, tutaongea. Na hii habari ya matumbo isitoke humu."

Akaosha vyombo. Wenzake waliacha kumkaribisha chai. Alipoingia chumba cha mizani, mazungumzo yalikatika, na alipotoka yakaendelea. Hezron alikuwa akimletea chupa ambazo hazikuchafuka, akamwambia azioshe upya, na Kudura alizipokea na kuziosha, meno yameumana.

Mkutano wa Guta ulipopangwa, Felisian hakutaka kwenda naye. Clementi ndiye aliyeng'ang'ania. Alisema wanakijiji wamekuwa wakali, na kwamba wakimwona msichana wa hapa hapa Bunda aliyepima mabua kwa mkono wake, watalainika. Njiani Felisian alimpa maneno ya kusema: kwamba yeye ndiye aliyefanya vipimo, kwamba vipimo ni vizuri, basi. Kudura hakujibu. Felisian akachukulia kimya kile kuwa ndiyo.

Watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Waliokuwa na viti walikaa, wengine walichuchumaa au kusimama na fimbo zao. Felisian aliongea kwa ufasaha juu ya majiko yasiyo na moshi na misitu itakayopona, na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Alirudia mara nyingi neno mabaki. Mabaki yenu. Mabaki yanayooza bure. Kila alipolitamka, mnong'ono ulipita katikati ya watu kama upepo kwenye mtama mkavu.

Boke alisimama bila kunyoosha mkono. Aliuliza ng'ombe wataachiwa nini. Felisian alijibu kwa urefu, akataja mashudu, majani ya kupandwa, mafunzo yatakayokuja. Boke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikukuuliza wewe," alisema. "Nimemuuliza huyo. Huyo aliyekuja na gunia."

Vichwa vyote vikamgeukia Kudura. Alisimama. Hakuwa na huruma kwa mwanamke yule, wala hakutafuta kupendwa naye. Alichokuwa nacho ni matokeo aliyoyapata mwenyewe, na mtu aliyeyamwaga kwenye sinki alikuwa amekaa pembeni yake.

"Bua tunalolitaka sisi ndilo analolitaka ng'ombe," alisema. "Nimelipima kwa dawa zetu, nikalipima kwa maji ya tumbo la ng'ombe. Linalofunguka huku ndilo linalofunguka kule. Mkiyatoa mabua haya hamtoi mabaki. Mnatoa chakula. Kinachoweza kuchukuliwa bila kumnyima mnyama ni miti ya pamba, na hiyo ni ngumu, ina kazi kubwa, lakini inawezekana. Dokta anajua. Nilimwonyesha."

Hapo Felisian akasimama, uso umemwiva, akasema huyu ni mwajiriwa wa muda, muosha vyombo, hana mamlaka ya kuusemea mradi. Hakumaliza. Mtu mmoja alimpigia kelele, mwingine akapiga fimbo chini, na mara uwanja mzima ukawa umeinuka. Clementi alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari lake, walilokuja nalo wote. Mawe yakaanza, madogo madogo, ya kufukuza wala si ya kuumiza, lakini kioo cha nyuma kilipasuka. Gari liligeuka na kuondoka kwa kasi, Felisian akiwa ndani.

Kudura alibaki katikati ya uwanja. Hakuna aliyemkumbuka kwenye gari, au wapo waliomkumbuka wakamwacha.

Watu walitawanyika wakimpita. Hakuna aliyemgusa na hakuna aliyemwambia ahsante. Boke alikuja akasimama mbele yake, karibu sana.

"Mwaka jana ulikuwa wapi?"

"Sikuwa na kazi hii. Sikujua."

"Na mwaka huu? Ulipokuja na panga lako, ukasema sijui ninachokikataa?"

Kudura akasema, "Nilikosea kusema vile."

"Ulikosea," Boke alikubali, bila kulegeza uso. "Barabara ni ile pale. Watu hapa wana hasira, na mimi sikusindikizi."

Akatembea peke yake kuelekea Bunda, viatu vya mjini vikimchubua, hadi mwenye bodaboda mmoja alipomhurumia.

Mkataba ulivunjwa kwa ujumbe wa simu. Alirudi nyumbani kwao Bunda, kwenye chumba alichokulia nyuma ya karakana ya baba yake, na huko nako hakukuwa na mapokezi. Anuari alikuwa amejinyima ili asome. Aliposikia yaliyotokea alizima mashine ya kuchomelea, akavua miwani, akamuuliza kama huko chuoni walimfundisha pia kumuaibisha mkubwa wake hadharani. Kudura alisema alichosema kilikuwa kweli. Anuari akamwambia ukweli ungeweza kusemwa kwa siri. Walikaa siku nyingi wakila meza moja bila kuzungumza, mama yake Safina akiwa mpatanishi wa chumvi na maji.

Ila ile awamu ya tatu haikumtoka kichwani. Alikwenda kwa wakulima wa pamba pembezoni mwa mji kabla hawajachoma, akarudi na miti yao kwenye mkokoteni, akaikata, akaichemsha na magadi ndani ya pipa kuukuu pale pale karakanani. Majirani walilalamikia harufu. Siku moja aliyamwaga yale maji meusi nyuma ya nyumba, na mgomba wa mama yake ukanyauka. Safina aliukata tu ule mgomba kwa panga, kwa mapigo makubwa kuliko yaliyohitajika.

Basi Felisian alisema kweli kuhusu maji. Kudura alilikubali hilo kwa shingo upande, akaanza kulitafutia njia. Badala ya kumwaga, alichuja maji ya magadi akayatumia tena kwa mzigo mwingine, na mwingine, akiongeza magadi kidogo kila mara, mpaka yakawa mazito kama uji. Akayakausha juani. Yalibaki mabonge meusi, ndiyo ile gundi yenyewe, na alipoyatupia motoni yaliwaka. Kuanzia hapo sehemu ya moto wa kuchemshia pamba ilitoka ndani ya pamba.

Anuari alikuwa akiangalia yote haya kwa jicho la pembeni. Mvuke ulikuwa unamharibia kazi, unatia kutu vyuma vya wateja. Asubuhi moja, bila kumwambia mtu, alichomelea mfuniko wenye bomba jembamba kwenye lile pipa, mvuke ukatokea nje.

"Si kwa ajili yako," alisema Kudura alipouona. "Ni kwa ajili ya mageti yangu."

Pipa lililofunikwa, mvuke ukibanwa ndani, lilichemka kwa joto kubwa zaidi. Vimeng'enya vyake vya mwisho, vile alivyobaki navyo tangu siku za maabara, akavihifadhi kwenye friji ya mama yake katikati ya nyama na maziwa, alivitumia kwenye mzigo ule. Sukari ilikaribia ya mtama. Aliipima mara mbili kwa sababu hakuamini, kisha akakaa chini kwenye vumbi la chuma, hakuwa na mtu wa kumwambia.

Clementi alikuja mwenyewe. Gari lake lilikuwa na kioo kipya. Guta walimfungia njia, na kata za jirani ziliposikia nazo zikafunga, kwa hiyo kiwanda chake cha Musoma kilikuwa kuta bila paa, na Felisian alikuwa bado anamwahidi kwamba watu watatulia. Alisimama mlangoni mwa karakana akilitazama pipa.

"Nimesikia unachemsha miti," alisema.

Kudura aliendelea kukoroga. Alimwacha asimame hadi jasho likamtoka, na hakumkaribisha kiti, ingawa kiti kilikuwepo.

"Wewe sikupendi," Clementi alisema mwishowe. "Ulinitia hasara mbele ya watu. Lakini nina kuta kule Musoma na sina cha kuweka ndani."

Kudura alimwambia hata yeye hampendi, kwa hiyo hapo wamelingana. Akamwambia masharti ya kumfanyia kazi: hakuna bua la mtama wala la mahindi litakaloingia kwenye geti la kiwanda, na siku atakapoliona moja yeye Kudura anaondoka, na atakwenda kusema tena uwanjani. Clementi alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Walibishana mpaka adhuhuri. Alipoondoka alikuwa amekubali, kwa uso wa mtu aliyelishwa dawa chungu.

Wenye miti mingi ya pamba iliyokuwa bado haijachomwa walikuwa Guta.

Kudura alitangulia kwa bodaboda, peke yake. Boke alikuwa amepanda pamba kwenye robo ya shamba lake, na miti ilikuwa imekwisha kung'olewa, imerundikwa kando ya zizi kusubiri kiberiti. Kudura hakuingia. Alisimama mpakani, akaamkia, akangoja. Boke alimwacha hapo jua zima la asubuhi, akikamua, akifagia zizi, akipita na ndoo bila kumtazama.

"Unataka nini tena?" aliuliza hatimaye.

"Miti ya pamba. Ile ya kuchoma. Mtama sitaugusa."

"Ni ya yule Clementi?"

"Ni ya Clementi."

Kudura angeweza kulificha jina, na alifikiri Boke angemfukuza kwa kulitaja. Boke aliweka ndoo chini, akaangalia rundo, akaangalia ng'ombe wake waliokuwa wameachiwa kwenye mabua, wakitembea polepole katikati ya mistari.

"Lori lipite barabarani, lisikanyage shamba," alisema. "Na nitasimama hapa mpaka mmalize. Usidhani tumekuwa marafiki."

"Sidhani," Kudura akajibu.

Lori lilikuja. Vibarua walipakia, na Boke alisimama na fimbo ndefu, akiichoma ndani ya mzigo huku na huku, akitafuta kilichofichwa. Katikati ya miti ya pamba aliona bua moja la mtama lililonaswa. Akalivuta kwa nguvu, akalinyanyua juu kila mtu alione, akalitupia ng'ombe aliyekuwa karibu. Vibarua wakanung'unika kwamba anawachelewesha. Dereva alitaka kuwasha gari.

Kudura alimwambia azime injini, angoje mama amalize kukagua.